Jumatano Ambayo Kompyuta Iliiita Idi

Nyie vijana mnaoanza kazi masjala, mkinipa tarehe msishangae nikiigeuzageuza kama mtu anayenunua samaki. Nafunua shavu, nabonyeza, nanusa. Miaka yangu yote ya kazi nilikaa kwenye dirisha la kupokea mashauri, katika mahakama moja ya huku kwetu ambayo sitaitaja, kwa sababu watu wake bado wapo na masikio yao yapo. Kibiti wananijua kwa jina la Mama Tumaini. Nilikuja nikiwa binti kutoka Njombe, nimezeekea hapa, na dirisha lile halikunifundisha kumwamini mtu.

Kazi yetu mnaiona ndogo. Mtu ameshindwa kesi mahakama ya mwanzo, anakuja kukuuliza mwisho wake wa kukata rufaa ni lini. Wewe unamtajia siku. Yeye anarudi kwao, labda Kiongoroni huko karibu na bahari, na siku uliyomtajia ndiyo atakayoipandia boti. Ukiwa umekosea, amefika na mlango umefungwa. Shamba limekwenda, nyumba imekwenda, na wewe jioni unakunywa chai yako. Ndiyo maana nawaambia muwe na wasiwasi.

Aliyenifundisha hesabu hii ni Mzee Mbonde, karani mkuu niliyemkuta. Mzee mfupi, mkali, suruali juu ya kitovu. Kalenda yake aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango ili watu wasiiguse. Siku ya hukumu yenyewe haihesabiwi, unaanza kesho yake. Ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu, unasogea mpaka siku ya kazi inayofuata. Hayo mnayajua, yako kwenye vitabu. Lakini yeye alikuwa na lake. "Hesabu kwenda mbele," alisema, "halafu hesabu kurudi nyuma. Ukiona zimekutana, hesabu tena, maana huenda umekosea mara mbili kwa namna moja." Nilimwona mwehu. Sasa nawasumbua nyie kwa maneno hayohayo.

Kompyuta ilipoletwa sikuikataa, msinisingizie. Nilichokataa ni kuambiwa kwamba sasa tusihesabu. Mwaka wa kwanza tu, mashine ilikuwa imepangwa kizungu cha mbali, mwezi unatangulia siku. Mzee mmoja kutoka Kiongoroni akapewa wito wa mwezi wa saba, karatasi ikamwita mwezi wa nne. Akafika na mashahidi wake watatu na kuku wa njiani, wakaketi benchi kutwa nzima. Nilipomweleza kwamba amewahi, aliniangalia kwa upole akasema, "Mama, kuwahi kwenyewe huku?" Tukawatafutia chai.

Na kuna hili la kuongeza mwezi. Iambie mashine iongeze mwezi mmoja juu ya tarehe thelathini na moja ya Januari, uone. Moja itakupa mwisho wa Februari, nyingine itakuvusha mpaka Machi, na zote mbili zitakujibu bila aibu. Kwa hiyo kabla hujachukua jibu, iulize swali unalojua jibu lake. Ipe mtihani. Mfanyakazi mgeni unampima kabla ya kumkabidhi funguo, sasa kwa nini hiki kidubwana kipewe tu?

Haya. Nilitaka kuwasimulia ya Bi. Mwanahawa.

Bi. Mwanahawa ni mjane wa Mbwera, mlima mpunga. Mumewe alipofariki alimwachia shamba kando ya mkondo, shamba ambalo wamelilima wote wawili tangu ujana. Kaka wa marehemu, Mzee Athumani, akaibuka na kusema shamba ni la ukoo, na ameshapata mtu wa kumuuzia. Mahakama ya mwanzo ikamsikiliza Athumani. Kwa mama yule ilibaki rufaa tu. Rufaa ikichelewa, shamba linauzwa, na yeye hana lingine.

Alipokuja kuuliza mwisho wake, aliyekuwa dirishani ni Rehema, karani mwenzangu, msichana wa Dar aliyetoka chuo, mwepesi wa mkono na wa ulimi. Tulikuwa tumepata programu mpya ya kalenda. Unaingiza tarehe ya hukumu, inakutolea siku ya mwisho, na sikukuu zote imezijua tayari mwaka mzima. Rehema akabonyeza, akachapa, akampa: Ijumaa. Mama wa watu akaikunja karatasi ndani ya kanga akarudi Mbwera kulinda mpunga, maana nguruwe na viboko hawangoji rufaa.

Mimi nilikuja kuiona nakala baadaye, Jumanne mchana. Nikahesabu kwa vidole. Mbele, nyuma. Kwangu ilikuwa Jumatano. Nikamwita.

"Rehema, mwanangu, hii Ijumaa imetoka wapi?"

"Mama, Jumatano na Alhamisi ni Idi. Sikukuu. Programu imesogeza yenyewe."

"Nani kaiambia ni Idi?"

"Imo humo, mama. Kalenda inajua."

Nikacheka. Mimi Mkristo, lakini huwezi kuishi Rufiji miaka yote hiyo usijue kwamba Idi haikai kwenye karatasi. Idi inangoja mwezi uonekane. Jumanne jioni watu wangetoka nje watazame juu, na redio ingesema. Mwezi ukionekana, Jumatano sikukuu, na Ijumaa ya Rehema ni halali. Usipoonekana, Jumatano watu wanafunga siku nyingine, ofisi ziko wazi, na siku hiyohiyo ndiyo mwisho wa Bi. Mwanahawa. Rehema ni Mwislamu, anafunga, anayajua haya tangu utotoni. Nikamwuliza mbona ameyasahau. Akasema, "Mama, nyumbani najua. Hapa nilifikiri serikali ina mwezi wake."

Jibu lile halikuniridhisha. Na nina sababu. Wiki ileile nilikuwa nimemwona Mzee Athumani anatoka ofisini kwetu, ameacha kapu la kaa juu ya meza ya Rehema, ati futari ya binti. Kaa wazuri, wamefungwa kamba. Na nilimsikia kwa masikio yangu akiuliza, sauti ya chini, "Kwa hesabu zenu, yule shemeji yangu mwisho wake ni lini?" Rehema akamwambia Ijumaa. Mzee akatabasamu, akaaga. Sasa mtu anatabasamu nini?

Nilikaa na mashaka yale yananitafuna. Kaa, tabasamu, Ijumaa. Nikaona picha nzima: mzee amefahamu kwamba mashine imekosea, anataka makosa yabaki palepale mpaka yaive. Na binti amekula kaa wake.

Jumanne jioni nikakaa na redio. Baada ya isha wakatangaza: mwezi haukuonekana. Nikampigia Rehema. Simu imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Nikasema moyoni, eh, sasa tumejuana.

Lakini mwezi unapoandama ni bamvua, na hii mtu wa delta hafundishwi. Maji yanajaa sana alfajiri, halafu yanatoka, mkondo unabaki tope tupu mpaka alasiri. Aliye Mbwera asipopanda boti alfajiri, Kibiti haioni mpaka jioni, na jioni sisi tumefunga. Kwa hiyo maneno yalipaswa yamfikie usiku uleule. Yeye hana simu. Nikampigia nahodha mmoja wa boti wa hukohuko Mbwera ninayemjua, nikamwomba aende mpaka kwa Bi. Mwanahawa amwambie: mwisho wako ni kesho, si Ijumaa, njoo. Akaniambia, "Mama, kwao kesho ni Idi." Nikadhani kakosea. Hakukosea. Pale Mbwera wapo wanaongoja mwezi wa hapa nchini, na wapo wanaofuata mwezi ukionekana popote duniani. Nyumba ya Bi. Mwanahawa ni ya hao wa pili. Wao walishatangaziwa. Pilau ilikuwa inaandaliwa.

Nilichoka. Kompyuta inasema Idi, na mama wa watu mwenyewe yuko kwenye Idi. Nani atamwamini karani Mnjombe anayemtumia salamu kwamba kesho si sikukuu?

Jumatano nikafika kazini mapema. Rehema akaja, macho mekundu, hakunisalimu vizuri. Mimi nami sikumkunjulia uso. Tukakaa kwenye chumba kimoja asubuhi nzima bila maneno, kila mtu anasikiliza mlango. Adhuhuri ikapita, hakuna mtu.

Ilikuwa mchana umeshapinda nilipoona kitu kinakuja barabarani. Dera jipya la Idi, rangi ya chungwa, limelowa tope mpaka magotini, kanga kichwani, na mkononi chombo cha pilau kilichofungwa kitambaa. Bi. Mwanahawa. Akasimama mbele ya dirisha, akatutazama mimi na Rehema, mmoja mmoja.

"Nani kati yenu ni wa Athumani?" akauliza.

Hatukumwelewa. Akaketi. Akasema, "Jana usiku kaja nahodha, kaniambia njoo kesho, kasema katumwa na mama karani. Sijamaliza kushangaa, kaja mwalimu wa shule, naye maneno yaleyale, kasema katumwa na Rehema. Miye nikasema, hapa pana jambo. Ama naitwa kweli, ama shemeji anataka nitoke shambani siku ya Idi apate kupima mipaka yake. Mtu kuitwa mara mbili usiku mmoja, na waitaji hawajuani!"

"Sasa ukafanyaje?" nikamwuliza.

"Nikayachukua yote mawili. Binti yangu nimemweka dunguni na panga, anilindie shamba. Miye nimepanda boti alfajiri, ikakwama topeni, kilichobaki nimekuja kwa miguu."

Nikamgeukia Rehema. "Wewe ulimpigia mwalimu?"

"Nilimpigia mara redio iliposema. Halafu simu ikaisha chaji, umeme haukuwepo."

"Na hukuniambia?"

Akainamisha uso, halafu akauinua. Yule binti ana roho. "Mama, nikuambie wewe vipi? Nilimwona Mzee Athumani anashusha mkungu wa ndizi getini kwako. Nilijua wewe ndiye umenunuliwa."

Mkungu wa ndizi! Ni kweli, mzee aliuacha getini, sikuugusa, mbuzi wa jirani ndio waliojihudumia. Sikumwambia Rehema kwamba nami nilikuwa nahesabu kaa wake. Baadaye nilimwambia, na akaniambia alimpa mfagizi kapu zima kwa sababu kaa wanamwasha ngozi. Mpaka leo tukikutana ananiita Mama Ndizi.

Lakini saa ilikuwa inakwenda. Rufaa ya mama ilikuwa imeandikwa vizuri, alikuwa nayo ndani ya mfuko wa plastiki. Rehema akafungua programu apokee. Akaandika tarehe ya siku ile. Mashine ikakataa. Ikaleta maandishi mekundu: siku ya mapumziko. Akajaribu tena, ikakataa. Kuibadilisha ni mpaka watu wa kompyuta walioko mjini, nao siku hiyo hawakupokea simu. Nikamwambia, achana nayo. Nikachukua muhuri wa mkono, nikauweka tarehe ya Jumatano, nikagonga, nikasaini, Rehema akasaini, Bi. Mwanahawa akasaini. Akashusha pumzi. Akataka kutufungulia pilau, akakumbuka kwamba Rehema bado amefunga na futari yake ni jioni, akaifunga tena kwa haya. Akakaa nayo mapajani hadi boti ya jioni ya kurudi.

Ikaja sikukuu ya kila mtu, Alhamisi na Ijumaa. Jumatatu mashine ikakubali kufunguka, Rehema akaiingiza ile rufaa. Na mashine, kwa akili zake, ikaandika: imepokelewa Jumatatu.

Hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Shauri lilipoitwa, alikuwa hakimu mgeni, mama mmoja mtulivu, mwenye miwani. Wakili wa Mzee Athumani akasimama na karatasi iliyochapwa kutoka kwenye programu yetu wenyewe. Akasema rufaa imechelewa. Mwisho ulikuwa Ijumaa, mashine inasema. Imeletwa Jumatatu, mashine inasema. Muhuri wa Jumatano ni wa uongo, kwa sababu Jumatano ilikuwa Idi, ofisi imefungwa, na hilo nalo mashine inasema. Kwa hiyo, mheshimiwa, karani amerudisha tarehe nyuma kumsaidia mama huyu. Akanielekezea kalamu.

Mimi ninayemshuku kila anayepita mlangoni, leo nimesimamishwa mbele ya watu nashukiwa mimi, miezi michache kabla ya kustaafu. Lakini uso niliouangalia si wa wakili, ni wa Bi. Mwanahawa. Alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa benchi. Rufaa ikitupwa pale, shamba limekwisha.

Hakimu akauliza kama kuna tangazo la serikali la sikukuu ya mwaka ule. Wakili akasema haraka kwamba liombwe, shauri liahirishwe. Alijua anachofanya. Mnunuzi alikuwa ameshaleta vigingi, na ahirisho ni muda wa kuvichomeka. Hakimu akavua miwani, akamtazama Mzee Athumani aliyekaa nyuma ya wakili wake na kanzu yake safi na kofia ya vito, ile ya kudariziwa.

"Mzee Athumani, simama kidogo. Jumatano ile inayosemwa, wewe ulikula mchana?"

Wakili akainuka kupinga. Hakimu akamwonyesha kwa mkono akae. Mzee Athumani akasimama. Akatazama chini. Akageuza shingo kidogo, akatazama nyuma, ambako wazee wanne wa msikitini kwake walikuwa wamekuja kumsindikiza.

"Hapana," akasema.

"Kwa nini hukula?"

Mzee akaiweka sawa kofia yake.

"Nilikuwa nimefunga, mheshimiwa. Mwezi haukuonekana. Sisi tuliswali Idi Alhamisi."

Wakili akaketi taratibu. Hakimu akarudisha miwani, akaandika. Akasema siku ambayo mjibu rufaa mwenyewe alifunga haikuwa Idi kwa ofisi za hapa, muhuri wa mkono unasimama, rufaa iko ndani ya muda, isikilizwe. Hakusema zaidi. Bi. Mwanahawa aliniuliza kwa kunong'ona, "Amesema nini?" Nikamwambia. Akalia palepale, hakujificha.

Nilimfuata Mzee Athumani nje, kwenye kivuli cha ukuta. Sikuweza kujizuia. Nikamwamkia, nikamwuliza kilichomfanya aseme kweli wakati uongo mdogo ungempa shamba. Hakukasirika. Akasema, "Mama, ile ilikuwa funga ya thelathini. Nimeikamilisha kwa njaa na kiu. Unataka niikane mbele ya watu kwa sababu ya jaruba la mpunga?" Akavaa viatu vyake akaondoka na wale wazee wanne, wawili huku, wawili huku.

Rufaa ilisikilizwa, Bi. Mwanahawa akashinda, shamba analilima mpaka leo. Nami nimestaafu bila doa. Lakini mnanijua. Bado najiuliza: yule mzee alimwogopa Mungu, au aliwaogopa wale wazee wanne waliofuturu naye jioni ile? Mwaka jana nilikwenda Mbwera nikamkuta Bi. Mwanahawa shambani, nikamwekea hilo swali. Hakuacha hata kupalilia.

"Mama karani," akaniambia, "kama ni Mungu, kama ni wazee, miye sikuuliza. Nilikuwa nataka aseme ile siku ilikuwa Jumatano ya kazi. Akasema. Hebu chukua jembe hilo, usinikalie na mashaka wakati magugu yananipita."

Nikalichukua.